Moshi Bila Ndege

Sauti ilitangulia. Mngurumo wa mbali, mzito, unaopanda na kushuka kama mzee anayesafisha koo, ukitokea upande wa mjini. Abiria wote wakainuka kwenye benchi kwa pamoja. Mwalimu akakunja gazeti lake. Mama mmoja akamfunga mtoto mgongoni. Mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa amevua viatu tangu asubuhi akaanza kuvivaa, kimoja baada ya kingine, kwa heshima kama mtu anayeingia harusini. Kisha wakatazama juu, viganja kwenye nyusi, wakingoja chuma king'ae.

"Hiyo ni mashine ya posho," akasema Mzee Guyo bila kuinua kichwa. "Iko na mahindi mengi leo."

Wakaketi. Yule mfanyabiashara akavua viatu tena.

Wanangu, hiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza katika kazi ya ndege, na ndege sikuiona. Wala siku ya pili. Niliiona siku ya nne, nikaipungia mikono kama mtoto, na Mzee Guyo akaniambia niishushe mikono haraka, rubani asije akadhani namkataza kutua. Tulikuwa tumeingoja mno, isingefaa tuifukuze kwa furaha.

Nawaandikia nyinyi mnaosafiri kutoka viwanja vya vioo, mnaotangaziwa na sauti laini kwamba ndege imechelewa dakika arobaini, kisha mkanuna mpaka mkafika mnakokwenda. Dakika arobaini! Hapa kwetu Isiolo, miaka ya sabini ikielekea ukingoni na ya themanini ikibisha hodi, ndege ikichelewa dakika arobaini tulisema imekuja mapema, na kuna abiria waliokasirika kwa sababu hawajamaliza chai.

Mimi nimestaafu sasa. Nina magoti mawili mabovu, na tasbihi moja ya mbegu nyeusi iliyotoka Maka kwa mkono wa mtu niliyemkosea. Ilichelewa sana kunifikia, nami sikulalamika. Mtu aliyefanya kazi yangu hana uso wa kulalamikia kuchelewa.

Mimi ni mjukuu wa askari. Babu yangu aliletwa huku na vita vya Wazungu, na vita vilipokwisha akaambiwa angoje hapa Isiolo mpaka aelezwe pa kwenda. Alingoja, akazaa, akazeeka, akafa, na sisi tumefungua maduka na kununua malori tukiwa bado tunangoja. Kwa hiyo kampuni ya ndege ilipotafuta karani mwenye uzoefu wa kungojesha watu, sikuona sababu ya kuogopa mahojiano.

Kampuni hiyo, ambayo imekwisha kufa na sitaitaja jina, ilikuwa na ndege ndogo mbili na ofisi ya Nairobi yenye zulia. Ndege moja ilikuwa daima gereji. Ya pili ilikuwa daima njiani. Ratiba ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi yangu ya mabati, kwa taipu safi: Jumanne na Ijumaa, saa nne kamili asubuhi, kutoka kaskazini kwenda Nairobi. Niliipenda ile karatasi. Kila nilipofungua ofisi niliikuta imeshafika.

Ndani ya ofisi kulikuwa na meza, redio ya kuzungumza na Nairobi, na mizani. Kwa kuwa ndege ilikuwa ndogo, kila abiria ilibidi apimwe pamoja na mzigo wake, na kwa kuwa kampuni haikuleta mizani, tuliazima ile ya soko la mifugo. Ilikuwa na vyuma pembeni vya kumzuia mnyama asiruke. Abiria wetu, wenye koti na mkoba wa ngozi, walisimama hapo hapo aliposimama beberu Jumatatu. Wanene walivuta tumbo ndani, wakidhani kilo nazo zinaona aibu. Nawafundisha jambo moja: ukimpima mtu mkubwa, soma uzito kimoyomoyo, uandike, useme "sawa". Nilipoanza kazi niliusoma uzito wa chifu mmoja kwa sauti, kama tunavyosoma sokoni, na mtu nyuma yake akauliza anauzwa au anasafiri. Sikupata usingizi wiki hiyo.

Lakini mwalimu wangu alikuwa Guyo. Cheo chake kilikuwa mlinzi wa uwanja, yaani kazi yake ilikuwa kufukuza mbuzi kwenye njia ya ndege, na kwa kweli ndiye aliyekuwa uwanja wenyewe. Alikuwa Mborana mrefu, mkavu, aliyechunga ng'ombe mpaka ukame ukammalizia ng'ombe, na masikio yake hayakupata habari kwamba amezeeka. Alikuwa na punda wa kubebea maji. "Usitazame juu," aliniambia. "Juu hakuna kitu. Tazama masikio ya punda." Na kweli, kabla hata Guyo hajasikia, masikio ya yule punda yaligeuka yote mawili kaskazini, yakasimama, na dakika chache baadaye Guyo aliinuka, akajipangusa vumbi, akawasha moshi.

Huo moshi ndio ninaotaka muuelewe, kwa maana kosa langu lote limo ndani yake. Siku uwanja ulipofunguliwa tuliletewa soksi kubwa ya kitambaa, ya kumwonyesha rubani upepo unaelekea wapi. Mbuzi waliila wiki ya pili. Guyo akaweka makaa kwenye karai kuukuu, na ndege ikikaribia aliyafunika kwa majani mabichi, moshi mweupe ukapanda kama uzi. Rubani aliuona akajua upepo, na akajua pia kwamba njia haina mbuzi. Mji nao uliuona. Wenye maduka, wenye jamaa wa kupokea, wenye barua za kupeleka, wote walijua: moshi ukipanda uwanjani, ndege ipo. Watu waliacha ugali mezani wakaja.

"Mdomo ni yako," Guyo aliniambia siku za mwanzo, alipoona nimeanza kuwa hodari wa kudanganya. "Sema nayo unavyotaka. Lakini hii moshi si yako. Hii ni ya rubani."

Nilikuwa hodari, sitajificha. Meneja wetu wa Nairobi, ambaye sikuwahi kumwona ila sauti yake ilinikaa sikioni kama nzi, alinipa neno moja la kazi. Ndege ikiharibika, ikose mafuta, ipakie mizigo ya mtu mzito badala ya abiria, neno lilikuwa lile lile, na kila kauli aliifunga kwa "ova" ya redioni, yaani zamu yako.

"Waambie iko njiani. Ova."

"Imeondoka, bwana? Ova."

"Nimekwambia iko njiani. Usiniulize maswali ya rubani. Ova."

Maana ukimwambia abiria kwamba ndege haiji, atadai nauli yake, atatafuta lori, atasafiri. Ukimwambia iko njiani, atakaa. Akikaa ni abiria wako bado. Hii ndiyo elimu ya biashara niliyopata, na nawapa bure. Nilisema "iko njiani" kwa wagonjwa na kwa maharusi, kwa askari wanaorudi kazini na kwa watu waliokuwa wanawahi maziko. Nilisema kwa uso wa huruma. Mwishowe mji wa Isiolo, ambao hauna haraka ya kitu ila kumpa mtu jina, ukaniita Bwana Njiani. Nikipita sokoni nilisikia, "Salaam aleikum, Njiani, mke wako amepika ama chakula pia iko njiani?" Nilicheka nao. Niliona ni umaarufu.

Kisha akaja Akko Dhahabo.

Akko kwa Kiborana ni nyanya, na yeye alikuwa nyanya wa nusu ya Korbesa, kule mbali upande wa Merti. Mwaka ule wanawe walikuwa wameuza ngamia ili aende haji. Wenzake wa safari walikuwa wametangulia Nairobi kwa basi siku mbili kabla. Lakini mwanawe mkubwa, Halake, mtu wa kilemba kikubwa na fahari kubwa kuliko kilemba, alisema mama yake hatakwenda Maka akiwa amebanwa katikati ya magunia na kuku. Atakwenda kwa ndege, tangu Isiolo. Ndege ya mahujaji ilikuwa iondoke Nairobi asubuhi ya Jumatano. Yetu ilikuwa ya Jumanne, saa nne kamili. Karatasi ilisema hivyo.

Walifika saa mbili asubuhi, yeye na watu wake kama ishirini, wamejaa nyuma ya gari la kukodi. Na hapa mjue desturi ya kwao. Mwenda haji huagwa mara moja. Anachinjiwa, anaombewa, anapita kwa kila mtu akiomba msamaha kama aliwahi kumkosea, maana huenda asirudi. Akishatoka nje ya boma kwa kuagwa, harudi tena ila akiwa hajjia. Akko Dhahabo alikuwa ameagwa Korbesa yote. Alikuwa amebakiza watu wachache tu wa njiani.

Alikuwa mwembamba, amejifunga shuka nyeupe mpya iliyokuwa na mikunjo ya dukani bado, na alitembea kwa fimbo. Akamwendea Guyo. "Guyo, sikujui vizuri, lakini kama nilikukosea, nisamehe." Guyo akasema amemsamehe, na yeye amsamehe. Kisha akanijia mimi mezani.

"Na wewe karani. Kama nimekukosea, nisamehe."

"Hujanikosea kitu, Akko."

"Basi nipime."

Akapanda kwenye mizani ya mbuzi, akashika vyuma kwa mikono miwili, akasimama wima kama anayepigwa picha. Alikuwa mwepesi kuliko mizigo yake. Niliandika, nikasema "sawa".

Saa nne ikafika na kupita. Saa tano nikaita Nairobi.

"Ndege imekodiwa na watalii," akasema meneja. "Inawapeleka kuona tembo. Leo haibebi abiria wa kaskazini. Ova."

"Nina mama wa haji hapa, bwana. Ndege yao ni kesho asubuhi. Ova."

"Watu wangapi wanangoja? Ova."

"Tisa. Ova."

"Nauli tisa," akasema. "Iko njiani. Ova."

Nikatoka nje. Watu wake wote ishirini walinitazama, na abiria wengine, na punda. Nikasema, "Iko njiani." Wakamshukuru Mungu. Mtu mmoja akanipa sambusa. Niliila, wanangu. Ilikuwa tamu.

Saa nane kasoro, lori likaacha barabara likaja mpaka kwenye ua wa uwanja. Lilikuwa la Isse, Msomali wa mjini, rafiki yangu wa tangu madrasa, anayepeleka mbuzi Nairobi. Mbuzi walikuwa wanalia nyuma kama darasa lisilo na mwalimu. Isse akatoa kichwa dirishani.

"Njiani! Nasikia uko na hajjia hapa. Nafasi moja iko mbele, karibu na mimi. Saa tatu za usiku niko Nairobi, namwangusha msikitini kwa wenzake."

Halake akasimama. "Mama yangu hapandi gari ya mbuzi."

"Mbuzi wako nyuma, abo. Mbele ni mimi, na mimi nimeoga."

"Ndege iko njiani," Halake akasema, akanigeukia. "Si ndiyo, karani?"

Kila mtu akanigeukia. Isse pia, na Isse alinijua. Aliniona usoni. "Sema ukweli, ndugu," akasema polepole. "Mimi nikiondoka hakuna gari nyingine mpaka basi ya alfajiri, na basi inafika Nairobi mchana."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Neno lenyewe ni fupi: haiji. Lakini nilifikiri juu ya meneja, na kazi, na sambusa, na vile ningeonekana mbele ya watu ishirini nikisema kwamba niliwadanganya tangu saa tano. Mtu akidanganya mara moja hujikuta anaulinda uongo wake kama mali. Akko alikuwa ananitazama, si kwa shaka. Alikuwa anangoja tu, kama anayemngoja mtoto amalize kusoma barua.

Nilimgeukia Guyo, nikamwambia kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Washa moshi."

Guyo hakuinuka. Masikio ya punda yalikuwa yamelala.

"Washa, mzee!"

"Sisikii kitu," akasema.

Basi nikaenda mwenyewe. Nikapuliza makaa, nikabeba majani mabichi kwa mikono yangu ya ukarani, nikayatupa kwenye karai. Moshi ukapanda mzuri, mweupe, umenyooka. Sijawahi kuwasha moshi mzuri kama ule. Nyuma yangu wanawake wa Korbesa wakapiga vigelegele. Mjini, watu wakaanza kuja.

Akko Dhahabo akamwambia Isse, "Nenda, mwanangu. Mungu akupe. Moshi imepanda."

Isse akanitazama mara ya mwisho, akavuta gia, na mbuzi wakaondoka wakielekea Nairobi, kila mmoja akiwa na uhakika wa kufika.

Saa tisa na nusu, masikio ya punda yakasimama. Yakageukia kusini. Guyo akainuka, akatega sikio, na nikaona uso wake ukikunjamana. Abiria wakasikia nao. Ndege ikatokea, yetu kabisa, na mstari wake mwekundu ubavuni, iking'aa juani. Na watu wakakusanya mizigo, wakambusu Akko mikono, wakalia, wakamwaga maziwa kidogo chini kwa baraka. Ndege ikapita juu ya vichwa vyetu bila hata kupunguza sauti, ikaenda zake kuwaonyesha wageni tembo. Kivuli chake kilipita juu ya shuka nyeupe ya yule mama, kama mkono unaofuta ubao.

"Imepita," akasema mtoto mmoja, kana kwamba tulihitaji kuelezwa.

Ndipo niliposema haiji. Nililisema neno lenyewe wakati halina kazi tena. Tulikimbia mjini kutafuta gari. Kulikuwa na moja lisilo na injini na moja la ofisa aliyekuwa amekwenda nalo shambani kwake. Dereva wa tatu alikuwa na gari na injini, ila kupanda mlima wa Timau kwenye ukungu wa jioni alisema hawezi, hata kwa mtume. Halake alinishika shati shingoni. Guyo ndiye aliyenitoa mikononi mwake, na hakufanya hivyo kwa haraka.

Asubuhi ya Jumatano ndege ya mahujaji ilienda Jedda. Ilikuwa na kiti kimoja kitupu, na nasikia iliondoka kwa wakati.

Sasa mnaweza kudhani Akko Dhahabo alirudi Korbesa akalia. Hamkumjua. "Wamenichinjia, wameniaga," alimwambia mwanawe mbele yangu. "Nirudi niwaambie nini? Nimefika mpaka Isiolo, nikapimwa kama mbuzi, nikarudi?" Akaenda kukaa kwa mtoto wa dada yake mjini, kungoja mwaka mwingine wa haji. Na Ijumaa ile ile, saa tatu asubuhi, nikamwona anakuja na fimbo yake, katika shuka ile ile nyeupe. Akaketi kwenye benchi, karibu kabisa na mlango wa ofisi.

"Akko, karibu," nikasema. "Unasafiri?"

"Mimi? Hapana. Nimekuja kuangalia ndege yako."

Alikuja Jumanne na Ijumaa, mwaka mzima. Sijui kama mnaelewa ni kazi gani kufanya ukarani mtu kama huyo akiwa amekaa hapo. Hakunilaumu. Hakumweleza mtu yeyote. Alishika tasbihi yake, akaitembeza vidoleni, na abiria akija kuniuliza ndege iko wapi, vidole vilisimama.

Jumanne ya kwanza alikuja mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa anawahi mtihani. "Karani, ndege vipi?"

"Iko nji—"

Akko akakohoa. Kikohozi kidogo tu, cha mtu aliyemeza vumbi.

"Sijui," nikasema.

Mwalimu akashangaa. Mimi pia. Nilikuwa nimefanya kazi ya ndege miaka mitatu na sikuwahi kulisema hilo neno, na mabati hayakuniangukia. Nikaingia ndani nikaita Nairobi, nikaambiwa iko njiani, nikauliza, "Imepita wapi, bwana? Ova," meneja akanyamaza. Nikatoka nikamwambia mwalimu, "Haiji leo. Kuna basi la saa sita, na lori la maziwa baada yake. Nenda sasa." Akanitukana vizuri sana, kisha akawahi basi.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi, wanangu, nikiwa nimeshaifanya miaka mitatu. Ukiwa na habari mbaya, itoe ukiwa umesimama, na itoe kabla ya chai, maana mtu aliyekunywa chai yako anaona umemtega. Mwambie kwanza mkubwa wa kundi, yeye atajua jinsi ya kuwaambia watu wake. Usieleze injini, hakuna aliyekuja kununua injini. Mwambie ni gari gani bado lipo na linaondokea wapi. Nilinunua daftari nikaandika malori yote na mabasi yote yanayotoka Isiolo, na madereva wao, na nani analewa. Baada ya miezi michache nadhani nilikuwa karani wa pekee wa ndege katika nchi hii aliyejua malori kuliko ndege.

Meneja aliliona. "Mbona abiria wa Isiolo wanapungua? Ova."

"Wamesafiri, bwana. Ova."

Niliandikiwa barua ya onyo. Niliisoma kwa sauti nikidhani Akko atafurahi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Imekuja na nini?"

"Barua? Na basi, Akko."

"Mashallah," akasema, akarudi kwenye tasbihi.

Lakini jambo moja sikuliweza. Mwaka mzima nilimletea chai, nilimtilia mto benchini, nilimuuliza habari za magoti. Kila mara nilipofungua mdomo kusema lile lililokuwa ndani, nilijikuta namuuliza habari za magoti tena. Guyo alituona. Siku moja, akifukuza mbuzi, alisema, kama anayezungumza na mbuzi, "Huyu mama hangoji ndege."

Nilimwelewa. Nilijifanya sikumwelewa.

Mwezi wa haji ukarudi. Safari hii Halake hakusema neno juu ya fahari. Jumapili moja, siku ambayo hata ratiba haikuwa na ndege, nilikuwa uwanjani napaka rangi mlango, nikasikia mbuzi. Lori la Isse likaacha barabara likaja uani. Mbele, karibu na Isse, alikuwa amekaa Akko Dhahabo, na shuka mpya yenye mikunjo ya dukani.

Akashuka polepole. Siku nne zilikuwa zimebaki kabla ya ndege ya mahujaji. Hakuwa na nia ya kumpa mtu nafasi ya kumchelewesha. Akamwendea Guyo. "Guyo, sasa nakujua vizuri. Kama nilikukosea, nisamehe." Wakasameheana, na Guyo akageuka upande, akashughulika na punda ambaye hakuwa na shida yoyote.

Kisha akanijia. Akasimama mbele yangu na fimbo yake. Nikangoja aniombe msamaha kama mwaka jana. Hakuomba. Brashi ilikuwa inanidondokea rangi kwenye kiatu. Nikaelewa kwamba mwaka huu wa kuomba si yeye.

"Akko," nikasema. "Ile siku nilijua. Tangu saa tano nilijua haiji. Na ule moshi nilijua."

"Najua kwamba ulijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimekaa kwa benchi yako mwaka mzima nikingoja useme." Akanitazama toka juu mpaka kwenye kiatu chenye rangi. "Wewe umechelewa kuliko ndege."

Isse, ndani ya lori, akacheka, kisha akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

"Nisamehe, Akko," nikasema.

Akanipa mkono nimshike kiwiko, nikamsaidia kupanda kile kidaraja cha chuma, mguu mmoja, kisha mwingine. Alikuwa mwepesi vile vile. Akaketi, akapanga shuka magotini, akaweka fimbo, akashika mpini wa mlango. Mbuzi walikuwa wanalia. Nilisimama hapo chini nikiwa nimeinua uso, kama walivyosimama mbele yangu watu wengi sana, nikingoja kuambiwa.

"Msamaha wako," akasema Akko Dhahabo, "uko njiani."

Akauvuta mlango. Haukushika mara ya kwanza. Akaufungua tena, akaupiga kwa nguvu zake zote, ukafunga.